Sange wa Sokoke na Pengwini wa Afrika: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Uainishaji na Hali ya Uhifadhi

Kazi ya kulinganisha mamalia mdogo na ndege wa baharini hutolewa sana shuleni na vyuoni, na jibu linalorudi huwa karibu lilelile: jedwali la safu mbili. Huyu hunyonyesha, yule hutaga. Huyu yuko hatarini, yule yuko hatarini zaidi. Jedwali hilo halina kosa, ila halimwambii msomaji kitu. Halielezi kwa nini viumbe wawili wenye idadi zinazokaribiana wamewekwa kwenye ngazi tofauti za hatari, wala kwa nini "mamalia mdogo" na "ndege wa baharini" si makundi ya kisayansi hata kidogo.

Mwongozo huu unaifanya kazi hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia mfano mmoja mpaka mwisho. Upande wa mamalia yupo sange wa Sokoke, mla wadudu mwenye pua ndefu na kiraka cha dhahabu mgongoni karibu na mkia, anayeishi msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi. Upande wa ndege yupo pengwini wa Afrika, wa pwani za Namibia na Afrika Kusini. Hawakutani kamwe, na hilo halidhuru. Tunachokitaka ni wawili waliotathminiwa kwa kanuni zilezile lakini wakafika hatarini kwa njia tofauti.

Hatua ya 1: Chagua spishi, usichague kundi

"Ndege wa baharini" ni jina la kazi, kama "mvuvi". Linaeleza mahali anapopata riziki, halielezi ukoo wake. Buabua na shakwe wamo katika oda ya Charadriiformes, pamoja na ndege wengi wa ufukweni wanaopekua matope maji yakipwa. Albatrosi wako Procellariiformes. Pengwini wana oda yao wenyewe, Sphenisciformes. Ukiandika "ndege wa baharini wako hatarini" umewatia kapu moja pengwini wa Afrika na buabua mwekundu anayezaa kwenye visiwa vya Kiunga, ambaye duniani kote bado amewekwa daraja la wasiwasi mdogo.

"Mamalia mdogo" nalo ni hivyohivyo. Panya, popo, kirukanjia na sange wanaenea wote kiganjani au karibu na hapo, lakini ni oda nne tofauti. Basi andika jina la spishi moja kila upande kabla hujafungua ukurasa wowote. Ukishindwa kuteremka mpaka spishi, hali ya uhifadhi hutaipata, kwa sababu Orodha Nyekundu, orodha ya kimataifa inayopanga viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, hutathmini spishi, na mara nyingine nususpishi au kundi la mahali fulani, lakini haitathmini "sange" kwa ujumla wao.

Hakikisha pia unayemtazama pichani ndiye. Sange wa Sokoke ana kiraka cha rangi ya dhahabu kinachoonekana kwa mbali kwenye matako. Ndugu yake Rhynchocyon petersi, wa kusini mwa pwani ya Kenya, kaskazini mashariki mwa Tanzania, Unguja na Mafia, hana kiraka hicho. Sehemu ya nyuma ya mgongo wake ni nyeusi. Pengwini wa Afrika ana mstari mmoja mweusi uliopinda kifuani kama kiatu cha farasi. Ukiona mistari miwili, huyo ni pengwini wa Magellan, wa Amerika Kusini, na hali yake ya uhifadhi ni nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Pata jina la kisayansi na ulisome vizuri

Majina ya Kiswahili ni matamu lakini hayafungi mlango. Sange wengine humwita njule, na siku hizi watafiti wa mataifa yote wanatumia "sengi", neno walilolikopa kutoka lugha za Kibantu ili waache kumwita kirukanjia. Kwa hiyo shika jina la Kilatini:

- Sange wa Sokoke: *Rhynchocyon chrysopygus* Günther, 1881
- Pengwini wa Afrika: *Spheniscus demersus* (Linnaeus, 1758)

Neno la kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo daima, hata likiwa limetokana na jina la mtu au mahali. Yote mawili huandikwa kwa italiki. Ukiandika kwa mkono, yapigie mstari. Kinachofuata ni mtu aliyeieleza spishi hiyo na mwaka wake.

Sasa tazama mabano, maana wengi huyaacha wakidhani ni pambo. Günther hana mabano kwa sababu spishi aliiweka Rhynchocyon na bado iko hukohuko. Linnaeus ana mabano kwa sababu jenasi imebadilika: yeye alimwita pengwini *Diomedea demersa*, akimweka pamoja na albatrosi. Baadaye wengine wakamhamisha. Ukiondoa mabano unafuta historia hiyo. Na Linnaeus hakukosea mbali sana, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba oda ya albatrosi ndiyo jamaa wa karibu zaidi wa pengwini miongoni mwa ndege walio hai.

Maana za majina nazo husaidia kukumbuka. Rhynchocyon ni "mbwa mwenye pua ndefu", chrysopygus ni "mwenye matako ya dhahabu". Spheniscus ni "kabari ndogo", kwa umbo lake akiogelea, na demersus ni "aliyezama".

Hatua ya 3: Jenga ngazi ya uainishaji, kisha tafuta zinapoachana

Panga ngazi saba kutoka juu kwenda chini. Usiruke hata moja, maana thamani ya kazi iko pale ngazi zinapotengana.

| Ngazi | Sange wa Sokoke | Pengwini wa Afrika |
|---|---|---|
| Himaya | Animalia | Animalia |
| Faila | Chordata | Chordata |
| Ngeli | Mammalia | Aves |
| Oda | Macroscelidea | Sphenisciformes |
| Familia | Macroscelididae | Spheniscidae |
| Jenasi | Rhynchocyon | Spheniscus |
| Spishi | R. chrysopygus | S. demersus |

Hapa Kiswahili chenyewe kinatega mitego miwili. Wa kwanza ni neno "mnyama". Mtaani ndege si mnyama. Mtu akisema "sijaona mnyama wala ndege" anaeleweka. Katika uainishaji ndege ni mnyama kamili, yumo Animalia. Mtego wa pili ni "manyoya". Tunalitumia kwa paka na kwa kuku vilevile, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "wote wana manyoya" akadhani amepata mfanano. Cha sange ni nywele, na cha pengwini ni manyoya ya ndege, yenye uti na matawi. Vyote hujengwa kwa keratini, lakini ni maumbile mawili tofauti. Andika "nywele" kwa mamalia na hutababaika.

Wanatengana kwenye ngeli. Babu wao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, akiwa kiumbe wa nchi kavu anayefanana zaidi na mjusi kwa macho yetu. Tawi moja lilikuja kuzaa mamalia. Tawi jingine likazaa kasa, mijusi, nyoka, mamba, dinosauri na ndege. Ndiyo maana jamaa wa karibu zaidi wa ndege miongoni mwa viumbe walio hai wasio ndege ni mamba, jambo ambalo ngazi ya kale yenye "reptilia" pembeni na "ndege" pembeni hailionyeshi. Ukitumia ngazi saba, ongeza sentensi moja inayosema hivyo, la sivyo jedwali litamdanganya msomaji.

Upande wa sange ndiko kwenye utajiri. Kwa zaidi ya karne moja aliwekwa karibu na kirukanjia kwa sababu ya pua ndefu na chakula cha wadudu. Oda ya zamani iliyoitwa Insectivora ilikuwa kama stoo: kila kidogo chenye pua ndefu kinachokula wadudu kilitupwa humo. Vinasaba vilipoanza kusomwa, stoo ikavunjwa. Mwaka 1998 watafiti walilipa jina Afrotheria tapo la mamalia wenye asili ya Afrika: tembo, nguva, pimbi, muhanga, fuko-dhahabu, tenreki na sange. Kwa hiyo sange mwenye gramu 540 ni jamaa wa tembo kuliko alivyo wa kirukanjia anayekatiza jikoni usiku. Pua ndefu ilijitokeza mara mbili, kwa koo mbili zisizohusiana kwa karibu, kwa sababu kazi ilikuwa moja. Kirukanjia siku hizi yuko katika oda ya Eulipotyphla.

Ukilinganisha oda na familia utaona kingine ambacho wengi hukipita. Oda ya pengwini ina familia moja tu iliyo hai. Oda ya sange nayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa na familia moja, yenye takriban spishi 20, zote za Afrika. Wapo wataalamu wanaoitenga jenasi Rhynchocyon katika familia yake. Ukilinganisha na oda ya panya, yenye spishi zaidi ya 2,000, hawa wawili ni matawi membamba. Spishi ikikatika kwenye tawi jembamba, ukoo mzima unapoteza sehemu kubwa zaidi. Huo ndio mfanano wa kweli kati yao, na hutaupata kwa kuangalia umbo.

Hatua ya 4: Tafuta hali ya uhifadhi, ukianzia na tarehe

Chanzo cha kimataifa ni Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, iliyoanza mwaka 1964. Ndege wote hutathminiwa kupitia BirdLife International. Sange hutathminiwa na kikundi cha wataalamu wa Afrotheria. Tafuta kwa jina la kisayansi. Kisha, kabla ya kunakili daraja, andika mambo manne: mwaka wa tathmini, eneo linalohusika (dunia nzima au kanda), mwelekeo wa idadi, na vigezo vilivyotumika.

Madaraja ni tisa:

- NE: haijatathminiwa
- DD: data hazitoshi
- LC: wasiwasi mdogo
- NT: karibu na hatari
- VU: dhaifu, rahisi kudhurika
- EN: hatarini kutoweka
- CR: hatarini mno kutoweka
- EW: imetoweka porini
- EX: imetoweka kabisa

Ni tatu tu, VU, EN na CR, zinazohesabiwa "zinazotishiwa". DD haimaanishi salama, na NE haimaanishi chochote ila kwamba hakuna aliyefika. Kosa la kila siku ni kuzipanga DD na NE chini ya LC kana kwamba ni ngazi za usalama.

Sange wa Sokoke ni EN. Pengwini wa Afrika ni CR tangu Oktoba 2024, na ndiye pengwini wa kwanza kuwekwa daraja hilo. Kabla ya hapo alikuwa EN tangu 2010. Vitabu na tovuti nyingi bado vimeganda kwenye 2010, na ndiyo sababu ya kuanza na tarehe. Tathmini iliyopita miaka 10 hupewa alama kwamba inahitaji kufanywa upya. Ukiiona, itaje katika maandishi yako.

Hatua ya 5: Soma kigezo, maana daraja peke yake halitoshi

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo inayorukwa. Baada ya herufi za daraja kuna msimbo, kwa mfano wa muundo B1ab(iii). Herufi kubwa ni njia ambayo spishi iliingilia hatarini:

- A: idadi imeshuka kwa kasi
- B: eneo ni dogo, na linazidi kuharibika
- C: idadi ni ndogo na inashuka
- D: idadi ni ndogo mno, au mahali ni pachache mno
- E: hesabu za uwezekano wa kutoweka

Spishi inahitaji kutimiza kigezo kimoja tu, na daraja lake ni lile la juu kabisa lililofikiwa na kigezo chochote. Sange wa Sokoke aliingilia mlango wa B. Pengwini wa Afrika aliingilia mlango wa A. Kwa hiyo ukisema "CR ni mbaya kuliko EN, basi pengwini ana hali mbaya zaidi", umelinganisha homa na mguu uliovunjika kwa kutumia kipimajoto.

*Mlango wa B, kwa sange.* Kuna vipimo viwili vya eneo. B1 ni eneo la mtawanyiko: chora poligoni (umbo la mistari iliyonyooka) ndogo kabisa isiyo na kona za kuingia ndani inayozunguka sehemu zote spishi ilipo. Mipaka ni chini ya km² 100 kwa CR, 5,000 kwa EN, 20,000 kwa VU. B2 ni eneo linalokaliwa hasa: weka gridi ya miraba ya kilomita 2 kwa 2 na uhesabu miraba yenye mnyama, kisha uzidishe kwa 4. Mipaka ni 10, 500 na 2,000.

Jaribu mwenyewe. Arabuko-Sokoke ina takriban km² 420. Hata ukikubali kwamba kila pembe ya msitu ina sange, hiyo ni miraba 105, na 105 × 4 ni 420. Iko chini ya 500, kwa hiyo inagusa EN. Ongeza vipande vidogo vya magofu ya Gede na Dakatcha kaskazini, na poligoni ya B1 bado iko chini sana ya 5,000.

Lakini udogo wa eneo peke yake haumwingizi mtu. B inadai masharti mawili kati ya matatu: makazi yamekatikakatika au spishi iko mahali pachache (1 kwa CR, 5 kwa EN, 10 kwa VU), upungufu unaendelea, au idadi na eneo vinapanda na kushuka kupita kiasi. Kwa sange ni la kwanza na la pili. Msitu umezungukwa na mashamba, na ndani yake miti ya thamani, muhuhu wa wachongaji ukiwamo, imekatwa miaka mingi.

Ukitaka kuona sharti hilo linavyofanya kazi, mtazame binamu yake wa Tanzania, sange wa Udzungwa, *Rhynchocyon udzungwensis*, aliyegunduliwa kwa kamera za mtego na kuelezwa rasmi mwaka 2008. Maelezo ya kwanza yalimpa takriban km² 300 tu za msitu wa mlimani, kidogo kuliko Arabuko-Sokoke. Hata hivyo yeye ni VU, ngazi moja chini ya hatari ya ndugu yake. Msitu wake uko ndani ya hifadhi na hauliwi pembeni kwa kasi ileile. Eneo dogo lililotulia na eneo dogo linalomegeka ni vitu viwili.

*Mlango wa A, kwa pengwini.* Hapa hupimi eneo. Unapima idadi imeshuka kwa asilimia ngapi ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, chochote kilicho kirefu. Kwa A2, ambako sababu ya kushuka haijaondoka, mipaka ni 80% kwa CR, 50% kwa EN na 30% kwa VU.

Kizazi cha pengwini wa Afrika ni karibu miaka 10, kwa hiyo dirisha lake ni kama miaka 30. Sange huzaa mapema na haishi sana, kwa hiyo dirisha lake hubaki ile miaka 10 ya chini. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kanuni ya hesabu ni hii: chukua 1, toa kiwango cha kushuka kwa mwaka, pandisha matokeo kwa kipeo cha idadi ya miaka, kisha utoe jibu hilo kwenye 1.

- Kufikia 50% kwa miaka 30: 2.3% kwa mwaka inatosha.
- Kufikia 80% kwa miaka 30: karibu 5.3% kwa mwaka.
- Kufikia 50% kwa miaka 10: karibu 6.7% kwa mwaka.

Yaani mnyama wa maisha mafupi lazima aporomoke karibu mara tatu kwa kasi ili kigezo A kimpe EN ileile. Ndiyo maana mamalia wadogo wengi huingilia B, na ndege wa baharini wanaoishi miaka mingi huingilia A. Kigezo hakiwapendelei ndege. Kinapima kwa saa ya kila kiumbe.

Kosa la hesabu linalotokea hapa ni kuzidisha badala ya kupandisha kipeo. 5.3 mara 30 ni 159%, na hakuna spishi inayoweza kupungua kwa 159%. Ukipata zaidi ya 100, rudi nyuma. Kwa pengwini, kasi iliyotangazwa miaka ya karibuni ni takriban 8% kwa mwaka, yaani idadi hukatika nusu kila miaka 8 hadi 9. Wahifadhi wa Afrika Kusini wamekuwa wakiutaja mwaka 2035 kama wakati ambao anaweza kuisha porini mwendo usipobadilika.

Angalia pia kisichoingia dirishani. Karne ya 19 visiwa vya pengwini vilikwanguliwa guano, tabaka la kinyesi lililorundikana kwa karne nyingi, ambalo ndege hawa walichimba viota ndani yake. Mayai nayo yaliokotwa kwa wingi mpaka ndani ya karne ya 20. Uharibifu huo uliwapunguza kutoka zaidi ya milioni moja, lakini ni wa kale mno kuhesabiwa na A. CR ya 2024 ni ya kuporomoka kwa karibuni tu, juu ya hasara iliyokwisha kutokea.

Hatua ya 6: Linganisha idadi kwa kipimo kimoja

Ndege wa baharini huhesabiwa kwa jozi zinazozaliana, kwa sababu ndivyo viota vinavyohesabika. Mamalia wadogo hukadiriwa kwa mmoja mmoja, kutokana na kamera, mistari ya kutembea au viota vya majani. Pengwini wamebaki chini ya jozi 10,000. Hao ni chini ya ndege 20,000 wanaozaliana. Makadirio ya sange wa Sokoke tangu miaka ya 1990 yamekuwa kati ya takriban 12,000 na 20,000. Aliyeweka "10,000" na "12,000" bega kwa bega akatoa hitimisho amekosea maradufu.

Zaidi ya hapo, kigezo hutaka waliokomaa tu. Watoto wa mwaka, iwe vifaranga au sange wachanga, hawamo. Kama chanzo hakisemi kimehesabu nini, usikitumie kwenye jedwali la kulinganisha. Kitaje pembeni tu.

Hatua ya 7: Fuata tishio mpaka kwenye uzazi

Orodha ya "ukataji miti, ujangili, mabadiliko ya tabianchi" haina faida. Andika mnyororo: tishio, linagusa nini mwilini au maishani mwa kiumbe, linapunguza nini.

Sange huishi kwa jozi, dume na jike, katika eneo la takriban hekta 1.7. Hula wadudu, buibui na minyoo anaowafukua kwenye majani makavu, na hulala kwenye viota vya majani hayohayo ardhini. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mimba ya siku kama 42. Miti ikikatwa, kivuli kinapungua, majani yaliyoanguka yanakauka na kupungua, chakula na viota vinaondoka pamoja. Huo ndio mnyororo wa makazi. Wa pili ni mitego: matanzi yanayotegwa kwenye vijia hayachagui, na mbwa wa kijijini hawachagui pia. Akifa mmoja wa jozi, eneo hilo halizai mpaka nafasi ijazwe.

Pengwini hutaga mayai mawili na kuyaatamia kwa takriban siku 40, wazazi wakipokezana. Hawezi kuruka, kwa hiyo akiwa na kifaranga samaki lazima wawe ndani ya umbali anaoweza kuogelea na kurudi. Chakula chake ni sadini na anchovi, jamaa za dagaa wetu. Samaki hao wakisogea mashariki kwa mabadiliko ya bahari, au meli zikiwavua karibu na kisiwa, mzazi anarudi amechelewa au tumbo tupu na kifaranga kinakufa. Kisha kuna wakati wa kubadilisha manyoya: kama wiki tatu hawezi kuingia majini kabisa, na asiyenenepa kabla yake hufa kwa njaa ufukweni. Mafuta ni pigo la ghafla. Meli Treasure ilipozama Juni 2000 karibu na visiwa vya Robben na Dassen, ndege wapatao 19,000 walipakaa mafuta.

Ukiiweka minyororo hii pamoja utaona kwamba dawa zake hazifanani. Kwa sange, ulinzi hufanyika mahali penyewe, kwenye mpaka wa msitu na kwenye vijia. Kwa pengwini, kisiwa kinaweza kulindwa kwa uzio na walinzi na bado ndege wakafa, kwa sababu tatizo liko maji ya mbali. Ndiyo maana Machi 2025 mahakama huko Pretoria ilithibitisha makubaliano ya kufunga uvuvi wa sadini na anchovi kuzunguka makoloni sita, yaani mahali pengwini wanapozaliana kwa makundi, kwa miaka 10.

Hatua ya 8: Angalia orodha nyingine, usizichanganye

CITES hudhibiti biashara ya kimataifa, haipimi hatari. Pengwini wa Afrika yuko Kiambatisho II. Sange hayumo kwenye kiambatisho chochote, si kwa kuwa ni salama bali kwa kuwa hakuna biashara ya kimataifa ya kumdhibiti. Anayeliwa huliwa karibu na msitu. Pengwini pia yumo katika AEWA, mkataba wa ndege wahamao wa majini wa Afrika na Eurasia. Mnyama asiyetoka hekta mbili hana haja nao.

Sheria za nchi nazo ni tabaka jingine. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ina jedwali lake la spishi zinazotishiwa, na daraja la humo halilazimiki kufanana na la IUCN. Yule buabua mwekundu ni mfano mzuri: duniani ni LC, huku kundi lake la kaskazini mashariki mwa Marekani likilindwa na sheria ya shirikisho kama lililo hatarini kutoweka. Kila unapoandika daraja, andika ni la orodha gani.

Hatua ya 9: Jaribu uimara wa jibu lako kwa kubadilisha uainishaji

Hatua hii wengi hawaijui, ilhali ndiyo inayounganisha nusu mbili za kazi. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kamera za mtego zilimnasa sange wa jenasi Rhynchocyon katika msitu wa Boni-Dodori, mbali kaskazini mwa Arabuko-Sokoke, asiyefanana sawasawa na wanaojulikana. Ukimhesabu kuwa ni chrysopygus, poligoni ya B1 inatanuka mara nyingi. Ukimhesabu spishi ya pekee, eneo la chrysopygus linabaki lilelile na spishi nyingine inahitaji tathmini yake. Hakuna sange hata mmoja aliyezaliwa wala kufa, lakini hesabu ya hatari imebadilika.

Kwa pengwini zoezi hilo halitikisi kitu. Jenasi Spheniscus ina spishi nne: wa Afrika, wa Humboldt, wa Magellan na wa Galápagos, na wa Afrika ndiye pekee wa bara hili. Mipaka yake haina utata, na kigezo A kingempa jibu lilelile hata mtu akimhamisha jenasi kesho.

Kwa hiyo chini ya jedwali lako weka mistari miwili. Wa sange useme: EN, kigezo B, hutegemea mipaka ya msitu na mipaka ya spishi. Wa pengwini useme: CR tangu 2024, kigezo A, hutegemea kasi ya kushuka kwa jozi. Tarehe ya kila tathmini iandike palepale, pembeni ya daraja.